Mwenza Wako Yuko Wapi?

Mafiga, Morogoro
4 Februari 2025

Mpwa wangu Sabra,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba mwanamke wa mlimani haendi kliniki kwa sababu hajui faida yake. Nimelisikia kosa hilo jana pale Mwembesongo, kwenye benchi la kahawa, likisemwa na watu wenye akili zao timamu. Mmoja alisema, "Wale wa juu ukiwatajia kliniki watakuuliza inapandwa mwezi gani." Wakacheka. Niliweka kikombe chini nikawauliza: mtu anayejua kabichi ya soko la kesho ikatwe saa ngapi leo ili isinyauke njiani, atashindwaje kujua faida ya kupimwa damu? Nikarudi nyumbani na swali langu, na sasa nimeona niliulize kwa mwenyewe.

Salamu nimezichelewesha makusudi, maana unanijua, nikizianza siachi. Haya, hujambo mwanangu? Faraja hajambo, na kile kikohozi chake kimekwisha? Sisi huku tu wazima. Mama Abdul anakusalimu sana na anasema karoti ulizotuma zilikuwa tamu kuliko za sokoni, ingawa na za sokoni zinatoka hukohuko kwako.

Raya, yule mchuuzi aliyezileta karoti, ndiye aliyenipa na habari. Kaniambia una mimba ya miezi mitano na bado hujapata kadi ya kliniki. Nilimwuliza mara mbili, nikidhani masikio yangu yananichezea tena.

Sabra, mimi nimefundisha somo la afya ya jamii mpaka nikastaafu, kwa hiyo nivumilie nikieleza. Faraja ulimzaa kwa upasuaji. Mfuko wa uzazi uliowahi kushonwa ni kama gunia lililoshonwa: hubeba mzigo, tena mzigo mzito, lakini mpakiaji mwenye busara huutazama mshono kwanza. Safari hii huwezi kuzalia nyumbani, wala zahanati. Ni lazima ujifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji, na njia ya kufika huko inaanza na ile kadi.

Sikulaumu, nauliza tu. Niandikie kilichokuzuia, neno kwa neno, na usinipunguzie kitu. Simu usipige; mpaka upande juu ya mwamba ndipo ishike, na ikishika mimi nasikia nusu. Barua akibeba Raya hufika na maneno yake yote.

Mjomba wako,
Stambuli


Kizagila
13 Februari 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mama Abdul naye shikamoo. Huku hatujambo, ila jua limekuwa kali na tunamwagilia kwa ndoo asubuhi na jioni. Faraja kikohozi kimekwisha, sasa anakohoa akitumwa maji tu.

Umesema nisikupunguzie, basi na nikujaze. Kliniki nilikwenda, tena si mara moja.

Mara ya kwanza niliondoka alfajiri, nikateremka mpaka zahanati, nikasubiri zamu yangu. Kabla sijakaa vizuri Nesi Cecilia akaniuliza, "Mwenza wako yuko wapi?"

Nikamwambia, "Sina."

"Hiyo mimba umeipata kwa upepo?"

Benchi zima lilicheka. Na mimi nikacheka, nifanyeje? Akasema kliniki ya kwanza ni ya watu wawili, nirudi na mwenza, la sivyo nilete barua ya mtendaji wa kijiji. Mjomba, unajua habari za Luqmani. Alikuja mwezi wa tisa, akaondoka kurudi kwenye miwa huko Kilombero hata maharage hayajakauka. Sasa tunasikia ana nyumba nyingine Ifakara. Simu yake haipokelewi.

Nikarudi nyumbani nikawaza: kwetu, mwanamke akiwa na jambo zito, anasimamiwa na nani? Si mjomba wake? Wewe uko mbali, nikamwomba mdogo wako, Mjomba Abasi. Alivaa kanzu ya Ijumaa, akachukua fimbo, tukateremka polepole. Nesi akamtazama mzee na ndevu zake nyeupe, akanitazama mimi, akasema, "Huyu ndiye mwenye mimba?"

Mjomba Abasi alisimama mpaka benchi likatikisika. "Astaghfirullah! Binti, huyu ni mtoto wa dada yangu!"

"Babu, kaa chini. Hapa tunataka mwenye mimba, hatutaki ukoo."

"Na mwenye mimba ni nani kama si ukoo?"

Hapo nesi hakumwelewa, na yeye hakumwelewa nesi. Nilimshika mkono tukatoka. Njia nzima alikuwa anaapa kwamba hatakanyaga tena pale hata aletwe amebebwa.

Basi nikaenda kwa mtendaji. Huyo alinipokea vizuri, akachukua kalamu, akaandika: "Mtajwa hapo juu ametelekezwa na mumewe." Nikamwambia aandike vingine. Akasema barua zote za namna hiyo huandikwa hivyohivyo. Nikaiacha mezani.

Najua utasema nina kiburi. Lakini nisomee hili kama mwalimu. Niko kwenye shamba la mama yangu, aliloachiwa na mama yake. Nyumba ni yangu, na mtoto ni wa ukoo wetu. Aliyeondoka ndiye aliyekuja hapa na begi lake. Mgeni akiondoka, mwenye nyumba ndiye ametelekezwa? Neno hilo lipigwe mhuri, libebwe mpaka zahanati, lisomwe kwa sauti mbele ya lile benchi? Hapana, mjomba.

Kwa hiyo nimekaa. Nikizidiwa, Mungu yupo.

Mpwa wako,
Sabra


Mafiga
20 Februari 2025

Mpwa wangu,

Natumai barua hii inakukuta na afya, wewe na huyo aliyemo ndani. Sisi hatujambo.

Habari ya Abasi nimemsomea Mama Abdul akacheka mpaka akaondoka sebuleni. Kisha alirudi, akasema, "Lakini Abasi alikuwa na haki." Nami naona hivyo. Ngoja nikueleze kwa nini wote pale walikuwa na haki, na wewe ukatoka bila kadi.

Utaratibu wa kumwita mwenza una sababu nzuri. Wanataka wazazi wote wawili wapimwe damu, ili mtoto asizaliwe na ugonjwa ulioweza kuzuiwa. Wanataka pia mwanamume azijue dalili za hatari, awe na hofu mapema. Hayo niliyafundisha mwenyewe na sijutii. Ila aliyeuandika aliwaza nyumba ambayo mwanamume ndiye mwenye mlango. Utaratibu huo ukaja kwetu, ambako mwanamke ana mlango na shamba, na mtu wa kumsimamia ni kaka wa mama yake. Ukauliza swali lake kwa sauti ileile, na jibu letu likaonekana ni dharau.

Tazama na hili. Hapa Mafiga mwanamke akikataliwa kituo kimoja anavuka barabara kwenda kingine, na akichoka anapanda bajaji kwenda cha tatu. Wewe ukikataliwa, umepoteza siku nzima na mlima wa kupanda ukiwa na mimba. Sheria ni moja, lakini mlima unaiongezea uzito. Wale wa kwenye kahawa hawauoni uzito huo, wanaona tu kwamba hukwenda.

Sasa tufanye kazi. Neno "ametelekezwa" usilichukue, sikulazimishi. Rudi kwa mtendaji, umwombe aandike kwamba utasindikizwa na ndugu yako. Basi, bila sababu. Kwa upande wangu nitakwenda ofisi ya afya hapa mjini, na hawatanichosha. Kukaa kwenye benchi ni kazi niliyoizoea. Nawe usikae. Anayesema "Mungu yupo" huku amekaa, mimi humwuliza miguu alipewa ya nini.

Na uniulizie kimyakimya: ni wewe peke yako?

Mjomba wako,
Stambuli


Kizagila
2 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo, na Iddi njema kwenu nyote. Tulisali nje, juu mlimani, mvua ikanyesha katikati ya hotuba, lakini hakuna aliyekimbia. Faraja alipata gauni, analala nalo.

Nisamehe kwa kukawia. Mtendaji aliitwa semina, akirudi anafunga ofisi mapema kwa ajili ya mfungo, na mimi mlima umeanza kunishinda. Barua bado sijaipata.

Uliuliza kama ni mimi peke yangu. Mjomba, kaa vizuri kwanza.

Unamjua Anselmi, yule wa bodaboda wa upande wa misheni, Mkatoliki mwenye kofia nyekundu? Ana wake kuliko sultani. Mwanamke ambaye mumewe yuko mbali, au hataki, au hayupo kabisa, humchukua Anselmi, wanaingia wote kliniki, anapimwa damu, anasikiliza somo, anasema "ndiyo dada", kadi inatoka. Hapewi fedha, anapewa karoti na kabichi. Nilimkuta njiani nikamwuliza kama haoni aibu. Akasema, "Dada Sabra, mimi somo la dalili za hatari nimelisikia mpaka naliota. Ningeweza kukuzalisha hapa barabarani." Akaniambia na mimi nipande, leo atanioa bure kwa kuwa ni Iddi.

Nilicheka, lakini sikupanda. Baadaye niliwaza: kwenye kadi za wanawake wote hao imeandikwa kwamba baba wa mtoto amepimwa na ni mzima. Aliyepimwa ni Anselmi. Waume wenyewe hakuna ajuaye damu zao.

Yuko pia Happiness, binti wa nyumba za chini, mimba yake changa bado. Mume wake amefungwa Kingolwira. Anselmi anamwogopa kwa sababu huyo mume ni rafiki yake, anasema hiyo sasa itakuwa dhambi. Kwa hiyo Happiness amekaa, kama nilivyokaa mimi.

Mengine ni ya kawaida. Nilifunga siku za mwanzo nikaacha, kichwa kilikuwa kinaniuma. Nimeacha kufunga lakini hakijaacha kuuma, labda ni jua. Ile pete ya marehemu mama haiingii tena, vidole vimenenepa, na uso pia. Faraja anasema nimekuwa tajiri. Usiku naona kama vimulimuli hata pasipo na vimulimuli. Zamu yangu ya uzee imefika mapema.

Mpwa wako,
Sabra


Mafiga
5 Aprili 2025

Sabra,

Huo si uzee, na jua halihusiki. Kichwa kisichoacha kuuma, uso na vidole kuvimba, macho kuona vimulimuli: hizo ndizo dalili ambazo Anselmi anaziota. Ni shinikizo la damu la mimba. Likiachwa huleta kifafa cha mimba, na hicho hakimngojei mtendaji.

Usisubiri kadi, wala barua, wala mimi. Leo hiihii teremka zahanati. Useme, "Kichwa kinaniuma na naona vimulimuli," usiseme kingine. Kwa maneno hayo hakuna mhudumu anayeruhusiwa kukurudisha.

Simu yako nimepiga, haishiki, na Raya anaondoka sasa hivi. Nijibu kwa mkono wake.

Mjomba wako


Wodini, Morogoro
28 Aprili 2025

Mjomba wangu, shikamoo. Na Mjomba Abasi mpe shikamoo yangu. Faraja mbusu.

Barua yako ya tarehe tano nimeipata jana, Raya kaniletea humu wodini, bado imeloa pembeni. Njia iliporomoka siku ileile aliyoibeba, akalala kwa watu chini mpaka ilipoanza kupitika kwa miguu. Wewe ulifika kabla ya barua yako.

Mama wa kitanda cha jirani, naye katoka milima ya huko kwetu, amenitaka nimsimulie jinsi nilivyofika. Nikamsimulia. Sasa nakuandikia wewe kama nilivyomwambia yeye, unisahihishe nikikosea, maana kichwa changu siku ile hakikuwa changu.

Nilimwambia hivi: niliona jibu haliji, wala sikujua kwamba kuna barua. Nilikuwa nimelala. Nikasikia pikipiki inalia chini ya shamba, nikajua ni Anselmi, nikasema leo amekuja kuniposa tena. Akaingia mzee mmoja kanzu imejaa tope mpaka mabegani, anakokota goti. Sikumtambua mpaka aliposema, "Sijapata jibu lako, nimekuja kulichukua."

Zahanati tulifika namna gani sijui. Nakumbuka Nesi Cecilia amesimama mlangoni, anasema, "Anselmi! Na huyu pia ni mkeo?"

Anselmi akavua kofia. "Hapana dada. Leo mimi ni dereva tu."

Na wewe ukasema, "Mwenza wake ni mimi. Andika Stambuli, kaka wa mama yake. Lakini pima kwanza, utaandika baadaye."

Alipima mkono wa kushoto. Akapima wa kulia. Toka hapo, mjomba, hakuuliza tena habari ya mwenza. Alinichoma sindano, akaita gari la wagonjwa, gari likakwama kule lilipoporomoka. Ndipo wakaitwa wanaume wenye machela. Nilipofumbua macho, aliyeshika mbele ni Mjomba Abasi, yule aliyeapa. Pembeni yangu alikuwa Nesi Cecilia, ameshika chupa ya maji ya dripu juu kwa mkono mmoja na viatu vyake kwa mkono mwingine, anateleza kwenye tope na kuniambia, "Usilale, Sabra. Nitukane, lakini usilale."

Mama wa jirani aliponisikia hivyo akalia. Kumbe naye mara ya kwanza aliambiwa akamlete mwenza.

Madaktari wanasema shinikizo limeteremka, ila siruhusiwi kutoka. Wanataka mtoto akomae kidogo ndipo wanipasue. Mama Abdul ananiletea uji kila asubuhi na kunisimamia mpaka niumalize. Wewe umebaki huko na Faraja na goti lako. Nakuomba kitu kimoja: usigombane na Nesi Cecilia. Alitembea peku.

Mpwa wako,
Sabra


Kizagila
4 Mei 2025

Mpwa wangu,

Nimefurahi kukusoma. Huku tu wazima. Faraja ananifundisha kupalilia; jana alinikemea kwa kung'oa karoti nikidhani ni magugu. Nimesoma vitabu vingi lakini hicho hakikuwemo.

Katika simulizi yako umekosea mahali pamoja. Tope halikufika mabegani, lilifika kiunoni. Mengine ni sawa.

Sikugombana na Nesi Cecilia. Nilimpelekea ndizi, nikakaa kwenye lile benchi mpaka wagonjwa wakaisha, nikamwuliza kama nilivyokuuliza wewe: nieleze, usinipunguzie. Akasema yuko peke yake pale. Anazalisha, anachanja, anafagia. Kila mwezi anapeleka taarifa, na wakubwa wake huuliza kwanza ni akina mama wangapi wamekuja na wenza. Wakiwa wachache husomwa jina lake mbele ya wenzake. "Mzee," akaniambia, "hata mimi kuna benchi linalonicheka." Na habari za Anselmi alizijua toka zamani. Alikuwa anafumba macho ili taarifa ipendeze.

Unaona, Sabra, jinsi jambo linavyotengenezwa? Huko juu wanahesabu wenza. Nesi anawatafuta wenza. Wanawake wanawatengeneza wenza. Kila mmoja anafanya kazi yake, na wewe umelala nyumbani unaona vimulimuli. Nimemtafuta mtu mbaya katika hadithi hii nikakuta watu waliochoka tu. Hiyo haina maana kwamba hakuna kosa. Kosa lipo, limekaa ndani ya swali.

Basi tumelibadili swali. Tumekutana pale uwanjani: nesi, mtendaji, Abasi na akina mama. Abasi alisema kwetu mwenza wa mimba ni ukoo. Nesi akasema yeye damu ya ukoo hawezi kuipima. Wakavutana mpaka mama mmoja akasimama na kusema, "Mwenye mimba akiwepo, apimwe. Asipokuwepo, mimi nisipimwe?" Nesi amekubali kuanza na swali jingine: "Nani atakusindikiza ukizidiwa?" Atakayetajwa ndiye atakayeandikwa na kufundishwa dalili. Mume aliyepo aje apimwe. Asiyepo asiwe mlango uliofungwa. Mtendaji amekubali kuliacha lile neno lake. Ofisi ya mjini nimewaandikia yote hayo, na nitawafuata tena mpaka wanijibu.

Jumamosi kuna msaragambo, kijiji kizima kitatoka kutengeneza ile njia. Anselmi atabeba mawe. Ananilalamikia kila tukikutana: "Mzee, umeniachisha wake zangu wote kwa siku moja, hata kabichi sipati tena."

Happiness hakuja mkutanoni. Nilimwona kwa mbali, akageuka.

Kula uji wako.

Mjomba wako,
Stambuli


Kizagila
17 Julai 2025

Mjomba, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama Abdul shikamoo yake.

Mwaisha anakua. Siku ile mliponiletea pale kitandani, mdogo kama kiatu, manesi wakiniambia ni njiti na kwamba nimlaze kifuani ngozi kwa ngozi mchana na usiku, wewe uligeuka ukutani, ukadhani sikuona. Sasa analia mpaka nyumba za chini wanamsikia. Nimempa jina la mama ili ukimkemea ujisikie vibaya. Mshono wangu umepona. Nimerudi shambani kidogokidogo, Faraja ndiye bosi.

Sasa nikupe lililonifanya niandike. Nesi Cecilia amehamishwa. Alikuja kuniaga, akambeba Mwaisha kidogo, akanirudishia, kisha akaondoka na gari la mboga. Aliyeletwa ni kijana, mpole tu, lakini hajui kilichopita hapa. Juzi Happiness alijikaza akateremka, kwa kuwa nilimwambia swali limebadilika. Akaulizwa, "Mwenza wako yuko wapi?"

Akasema yuko gerezani Kingolwira.

Akaambiwa alete barua.

Benchi lilicheka, mjomba. Baadhi yao walikuwepo kwenye mkutano wetu. Happiness amerudi, amejifungia, anasema hatateremka tena, na mimi nilimdanganya. Mimba inakwenda mwezi wa sita. Nilipomtazama miguu yake sikuipenda.

Nimekaa usiku nikiwaza kwamba yote yalikuwa bure. Njoo tena, mjomba. Wewe wanakusikiliza.

Mpwa wako,
Sabra


Mafiga
20 Julai 2025

Mpwa wangu Sabra,

Hatujambo, nawe naomba usiwe na jambo. Mbusu Mwaisha, na Faraja mwambie karoti sasa nazitambua.

Sitakuja. Si kwa sababu ya goti. Nikija, nesi huyu atanielewa, kisha naye atahamishwa, na mimi nitakuwa nimekufa, na swali litarudi kama lilivyorudi juzi. Kazi haikuwa bure. Ila tulimwachia nesi aitunze, na nesi ni mtu wa kupita. Wewe hupiti. Wewe ndiye mwenye nyumba, uliniambia mwenyewe.

Siku ile nilipomjibu Nesi Cecilia mlangoni sikuwa nimeshika barua ya mtu yeyote. Nilisema tu kwamba ni mimi. Hakuna aliyenitaka nithibitishe. Kumbuka jambo hilo, ni dogo na linakutosha. Tena wewe unazijua dalili kuliko mimi, umezibeba kichwani mwako. Ofisi ya mjini niachie mimi. Kesho asubuhi niko kwenye benchi lao.

Raya akikukabidhi barua hii, isome hapohapo uliposimama, usiiweke. Mfunge Mwaisha mgongoni, mpitie Happiness, gonga mpaka afungue, mteremke pamoja zahanati leo. Na akiulizwa mwenza wake yuko wapi, simama.

Mjomba wako,
Stambuli